Kofia ya Raba

Mbishi alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga gereji ya mama yake mdogo, mke mpya wa baba yake. Aliapa mbele ya watu, kwa sauti, wiki ile ile ya harusi ya baba yake, akiwa na godoro kichwani anahamia chumba cha kupanga. Sasa kiapo cha namna hiyo kina ubaya mmoja: aliyeapa anaweza kukisahau, lakini jirani hakisahau ng'o. Ndiyo maana asubuhi ile alipoingia mtaa wa gereji juu ya Kifaru, amevaa magwanda yake ya askari wa msitu yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe, kila mwenye spana mkononi aliiweka chini ili atazame vizuri.

Kifaru ni pikipiki ya magurudumu manne, mali ya ofisi ya misitu, ila ukimwambia Mbishi kwamba si yake, jiandae kusikia usiyoyapenda. Askari wa miguu hufika ukingoni mwa msitu, akachoka, akarudi. Yeye na Kifaru walifika kule juu wanakojificha wakata miti wasio na haya, kule vijito vinakoanzia, kule ambako kukiwa kimya unasikia mpaka moyo wako mwenyewe. Alikuwa akirudi jioni na matope mpaka kwenye nyusi, na furaha ambayo hakuwahi kupata maneno ya kumweleza mtu.

Na siku hiyo furaha yote hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mkuu wa kituo alikuwa ametangaza kwamba kabla ya saa sita mchana atakagua mashine zote, popote zilipo. Itakayokutwa na kasoro itahamishiwa kituo kingine, na mwendeshaji wake atarudi getini kuinua na kushusha kamba. Getini! Mbishi alishawahi kukaa pale getini, kwenye kibanda cha bati, kazi kufukuza nzi na kusalimia malori. Arudi kule? Afadhali wamwambie aolewe na Fundi Najua.

Fundi Najua, kwa taarifa yako, ndiye mwenye gereji ya upande wa pili wa barabara, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Umwambie gari haliwaki, atasema "najua." Umwambie nyumba yako inaungua, "najua." Kisiki kilipochana raba ya jointi ya gurudumu la mbele, Mbishi alimpelekea yeye, maana kufika kwake unaweza kupita ukiwa umegeuza uso usiione gereji ya mama mdogo. Raba yenyewe ni kitu kidogo tu, kifuko cha mpira chenye mikunjo kama shingo ya kobe, kinachovishwa pale ekseli inapoungana na gurudumu. Kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Najua aliinama, akasema neno lake, akaizungushia mfuko wa nailoni na utepe wa tyubu ya baiskeli. Mambo yakawa shwari kidogo. Kisha grisi ikaanza kurukia rimu kwa ndani, na kila Mbishi akikata kona jointi inaguguna: tak, tak, tak.

Baba yake, kinyozi wa pale kona, mtu anayeweza kukunyoa huku akikusimulia maisha yake tangu siku aliyozaliwa, alishamwambia mara nyingi.

"Mwanangu, mjini hapa raba hiyo anayo mama yako mdogo peke yake. Kiburi si chakula."

"Nimeshiba, baba."

Basi leo njaa ilikuwa imemfikisha. Tak, tak, tak, mtaa mzima ukasikia kwamba Mbishi kaja, na kaja kwa nani.

Gereji ilikuwa banda la mabati lililopakana na nyumba, na ndani yake lori limeinuliwa kwa jeki. Chini ya lori ilitokeza miguu miwili yenye viatu vizito. Hiyo ndiyo sehemu ya Mama Spana ambayo watu wengi waliizoea.

"Shikamoo, mama mdogo," Mbishi alisema kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Marahaba, bibie. Karibu." Sauti ilitangulia, uso bado uko chini ya lori. "Jointi ya mbele, kulia. Inalia zaidi ukikata kushoto. Umeiacha muda mrefu."

"Hujaiona hata!"

"Nimeisikia tangu ulipopita kwa kinyozi."

Mbishi akachemka. Kuna watu wana kipaji cha kukuudhi kwa kuwa sahihi tu.

Na tuseme ukweli, mama huyu hakuwa amemkosea lolote, na hilo ndilo lililokuwa likimwasha zaidi. Angekuwa mchoyo au mwenye mdomo mchafu, mtu angejua pa kuanzia. Mama mzazi wa Mbishi alipofariki, baba yake alizeeka ghafla, akawa ananyoa watu kimya kimya, jambo ambalo liliwatisha wateja. Kisha akaoa fundi wa magari mwenye kucha nyeusi, na mara akaanza tena kuimba bafuni. Mbishi alipousikia wimbo ule aliona kama marehemu anasahauliwa kwa sauti kubwa. Ndipo alipobeba godoro.

Mama Spana alitoka chini ya lori akajifuta mikono. Alikuwa mwanamke mpana, mfupi, kitambaa cha kichwa amekikaza nyuma, na alitembea bila haraka hata akiwa na haraka. Akachuchumaa mbele ya gurudumu. Alipoona ule mfuko wa nailoni na utepe wa tyubu, aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Nani daktari aliyefunga kidonda hiki?"

Mbishi akatazama ng'ambo ya barabara.

"Aha," alisema Mama Spana. "Najua."

Mbishi nusura acheke. Akajizuia kwa kuuma shavu.

"Nikwambie ukweli, bibie. Raba ninayo, imefika juzi. Jointi nzima sina, na hapa mjini huipati hata ukilia. Kama mchanga umeshakula gololi za ndani, hata nikiweka raba ya dhahabu haikusaidii. Tutajua tukifungua."

"Mkuu anakagua kabla ya saa sita."

"Basi tusipoteze muda kuombana radhi," Mama Spana alisema, akasukuma mawe nyuma ya magurudumu, akachukua jeki.

Mbishi alikuwa amejipanga kununa. Alichagua hata mahali pa kununia, juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, mahali pa kuonekana na mtu anayefanya kazi. Lakini kununa ni kazi inayotaka umakini, na umakini wake uliibwa mapema. Uliibwa na mikono.

Kwanza Mama Spana hakutafuta spana hata moja. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka na spana ikawepo, tena ndiyo yenyewe. Nati kubwa ya katikati, ile ambayo Najua huipigia kelele na kuirukia kwa miguu, aliilegeza kwa kuegemea bomba refu mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeegemea ukuta kupumzika. Breki akaifungua na kuitundika kwa waya ili bomba lake lisivutike. Kila kilichotoka alikilaza kwenye gunia chini, kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, mpaka gunia likawa kama ramani ya gurudumu. Kisha akaishika ekseli kwa mikono miwili, akaisukuma ndani kidogo kama anayetaka kuidanganya, akaivuta ghafla. Ikachomoka pwaa!

"Haa!" Mbishi alisema kabla hajajikumbuka.

"Ukivuta polepole inakugomea," Mama Spana alisema. "Nayo ni mbishi."

Ekseli ikabanwa kwenye vaisi mezani. Raba iliyochanika ikakatwa, na kilichotoka ndani hakikuwa grisi tena, kilikuwa uji wa mchanga. Mbishi akajiona getini. Aliona kibanda cha bati. Aliona nzi, wanamsubiri kwa hamu.

Mama Spana hakuguna wala hakulaumu. Alitafuta mahali kwa nyundo ya shaba, akagonga kikombe cha jointi mara moja, nacho kikaachia. Akakizamisha kwenye beseni la mafuta ya taa, akasugua kwa mswaki, akamwaga, akasugua tena. Halafu akatoa gololi, moja moja, akazikausha. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Mbishi hakuwa amewahi kumwona fundi yeyote akilifanya. Alifumba macho. Akaiweka gololi ya kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha polepole, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza mtoto akipumua chumba cha pili.

"Mbona unafumba macho?"

"Macho hudanganyika na kung'aa. Kidole hakidanganyiki." Akaiweka kando. "Nzima."

Akachukua ya pili. "Nzima."

Mbishi alikuwa ameshaondoka kwenye ndoo bila kujua. Alikuwa amesimama karibu na meza, mikono ameikunja kifuani, anapumua na kila gololi. Nzima. Nzima. Ya tano ikakaa kati ya vidole vile muda mrefu mno. Ikazungushwa. Ikarudiwa. Kule nje mtu alikuwa anagonga bati na Mbishi alitaka kwenda kumnyonga.

"Hii imeanza kukwaruzika," Mama Spana alisema na kufumbua macho. "Lakini itaishi. Ungeniletea wiki ijayo tungeizika." Ya sita ilikuwa nzima.

Mbishi aliachia pumzi yote aliyokuwa nayo. Na katika kuiachia, kitu kingine kikatoka nayo, kitu ambacho hakukituma.

"Mama mdogo, wewe una mikono. Kweli kabisa. Sijaona mtu wa hivi."

Laiti angejua alichofanya! Mama Spana aligeuka akamtazama, mdomo wazi kidogo, mswaki mkononi unadondosha mafuta ya taa juu ya kiatu. Tangu aolewe hakuwa amepata kwa binti huyu zaidi ya shikamoo na mgongo. Alikuwa akimpikia chakula cha Jumapili na kinarudi, akimtumia salamu na hazirudi. Sasa kapewa neno zima, zito, tena bila kuomba. Akacheka. Akaanza kuongea, yeye ambaye huwa haongei akiwa kazini. Akasimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyomkataza gereji, naye alivyojificha ndani ya gari bovu ili atazame mafundi, jinsi mume wake alivyomchumbia huku anambana mkono kwenye mlango wa teksi kwa bahati mbaya. Mikono inafanya kazi, mdomo unafanya kazi. Akarudisha gololi, akashindilia grisi mpya, akavisha pete ndogo ya waya kwenye ncha ya ekseli, ile pete inayoshika jointi isitoke, akalenga, akagonga. Tak! Mlio safi, wa pete kukaa mahali pake.

"Umeona?" alisema kwa furaha. "Huo ndio mlio."

Kisha wote wawili wakatazama mezani. Raba mpya ilikuwa pale pale ilipowekwa, nyeusi, inang'aa, na klipu zake mbili pembeni.

Kwa asiyejua, nieleze: raba hutangulia. Unaivisha kwenye ekseli kwanza, ndipo unafunga jointi. Ukishafunga jointi, mdomo mdogo wa raba hauwezi kupita juu ya kikombe hata uubembeleze kwa sabuni. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza, na mtaa wa gereji una sheria yake juu ya kosa hilo. Aliyefunga jointi raba ikiwa nje anavishwa raba ile kuukuu kichwani, na grisi yake, mpaka jua lizame, na kila mpita njia ana ruhusa ya kumpigia saluti. Najua alishavishwa mara kadhaa. Mama Spana, hata mara moja. Walikuwa wanamsubiri kama watu wanavyosubiri ng'ombe apande mti.

"Mungu wangu," Mama Spana alisema polepole. "Nimesahau raba. Mimi!"

Mbishi alitazama jua mlangoni. Lilikuwa limeshapanda sana.

"Ikate," alinong'ona. "Ichane kwa urefu, izungushe, tia gundi, kaza klipu. Nimeona watu wakifanya. Mkuu atainama, ataona raba mpya, ataondoka. Nani atajua?"

"Wewe utajua." Mama Spana aliishika raba mpya kifuani kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya. "Siku gundi itakapoachia utakuwa kule juu peke yako, mvua inanyesha, gurudumu limekwama, na hakuna hata wa kumwita. Halafu mimi niko nyumbani nimelala? Nitalalaje, bibie? Nikae na baba yako mezani nikijua nimekupandisha mlimani kwa gundi?"

Mbishi alirudi nyuma hatua moja, wazo la gundi likamtoka kichwani.

"Tatizo ni pete," Mama Spana aliendelea, sauti imerudi kazini. "Mpya ni hiyo moja, imekuja na raba. Kuukuu imelegea, siiamini. Ili jointi itoke lazima nigonge, na nikigonga vibaya pete inakatika, na mashine haitoki hapa leo. Ni pigo moja tu. Njoo ushike ekseli huku mwisho. Ikumbatie, isitikisike."

Mbishi alijitazama, akatazama ekseli inavyonata kwa grisi. Akaikumbatia, na magwanda yake ya pasi na yote.

Mama Spana alitafuta mahali. Akasogeza nyundo unywele mmoja kushoto. Akavuta pumzi. Pigo! Kikombe kikaruka kikaangukia gunia. Wakainamia ncha ya ekseli kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana. Pete ilikuwa pale. Mama Spana akaibana kwa kucha zake nyeusi; ikabonyea, akaiachia, ikarudi mahali pake kwa ukaidi.

"Nzima," alisema.

Baada ya hapo hakuongea hata neno la ziada. Alitaja tu kila kitu kwa sauti akikivisha, na Mbishi akitikisa kichwa: klipu ndogo, raba, klipu kubwa, pete, jointi. Tak! Na mlio huo ulipotoka, barabarani kukasikika mguno wa mtu aliyebahatika.

"Mara mbili!" Fundi Najua alikuwa anavuka barabara mbio, ndala moja kaiacha nyuma. "Nimesikia pete mara mbili! Ekseli moja, pete inalia mara mbili! Jamani njooni! Mama Spana kasahau raba!"

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mtu yule alikuwa anajua kweli.

Wakaja. Wachomeleaji wakaja na miwani yao, wapaka rangi wakaja na rangi zao, hata mwenye kuuza matairi alikuja ingawa ana mguu mbaya. Wakajaa mlangoni wanacheka kabla hawajaona. Mama Spana alikuwa amesimama mezani, ekseli mkononi, uso umemshuka. Mbishi aliuona uso ule na kitu kikamkata. Huyu mwanamke aliyesikia ugonjwa wa Kifaru tangu kwa kinyozi, huyu aliyefumba macho kwa ajili ya gololi zake, leo achekwe na Najua? Najua wa nailoni?

Hakufikiri. Aliokota raba iliyochanika kutoka kwenye gunia, akaipachika juu ya nywele zake mwenyewe. Ilikaa utosini kama kizibo kilichozidiwa na chupa. Grisi yenye mchanga ikamshukia kwenye paji la uso.

"Ni mimi," alisema kwa sauti, akatoka mbele ya watu. "Nilimng'ang'ania anipe nifunge mwenyewe, akanipa, nikasahau. Haya, pigeni saluti."

Walitazamana. Kisha kicheko, kicheko kikubwa cha watu waliopata zaidi ya walichokijia. Lakini kicheko kikaanza kukatika nyuma, halafu katikati, halafu mbele, na watu wakapisha. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama pale, kofia yake sawasawa, mikono nyuma.

"Askari," alisema. "Nimesikia vizuri? Unafungua mashine ya ofisi kwa mikono yako? Unajifunzia ufundi juu yake?"

Grisi ilimfika Mbishi kwenye jicho. Angeweza kusema ukweli na Mama Spana akachekwa. Angeweza kukaa na uongo wake, na kibanda cha bati kikawa chake mpaka uzeeni. Aliiona milima yote mara moja.

"Ndiyo, mkuu."

"Muongo huyo," sauti ikasema nyuma yake.

Mama Spana alikuja bila haraka. Alifungua kitambaa chake cha kichwa mbele ya watu wote, akakikunja, akakitia mfukoni. Akanyoosha mkono, akaitoa raba kwenye kichwa cha Mbishi, akaivaa yeye, akaikandamiza ikae vizuri.

"Karibu, mkuu. Aliyesahau raba ni mimi, na mashine nimeifungua mimi, na nimeirekebisha mimi. Huyu mwanangu hajui hata raba inaingia upande gani. Anachojua ni kuendesha tu, na huo uongo wake nao mbovu."

"Wewe?" Mkuu alikunja uso. "Wewe fundi wa miaka yote hii, unasahauje kitu kama hicho?"

"Nilisifiwa, mkuu." Mama Spana alimtazama machoni, kile kipira cheusi utosini. "Sijazoea. Na aliyenisifu ni huyu."

Watu walicheka. Mbishi hakucheka. Alitazama viatu vyake kwa nguvu zote, akipepesa macho, na akasema moyoni kwamba ni grisi.

Mkuu hakuwa mtu wa maneno. Alichukua ndoo ile ya kununia, akaikalia, akangoja. Mama Spana akarudisha ekseli, habu, breki, gurudumu, kila kitu kutoka kwenye gunia kwa mpangilio wake, na safari hii mtaa mzima ulikuwa kimya ukimtazama, hata Najua, ambaye alionekana midomo ikimcheza bila sauti kama anayekariri. Jeki ikashushwa. Mbishi akapanda, akawasha.

"Kata kushoto kabisa," Mkuu aliamuru.

Mbishi alikata kushoto mpaka mwisho, akazungusha Kifaru pale barabarani, duara moja. Watu walitega masikio. Akakata kulia, duara la pili, akaongeza mwendo kidogo. Hakuna tak. Ilikuwa sauti ya injini peke yake na matairi juu ya kokoto. Mkuu akainama, akapitisha kidole ndani ya rimu, akakitazama kidole. Kikavu.

"Ibaki kwako," alisema. "Nenda kazini. Na unawe uso."

Jioni, jua likiwa juu ya mabati, Mbishi alirudi. Alikuta lori la asubuhi limeshaondoka, na mahali pake kuna gari jingine, na Mama Spana yuko mezani anafunga kazi, raba bado utosini. Siku nzima alikuwa ameivaa. Amehudumia wateja nayo, amejibizana na mwenye kuuza spea nayo, na Najua alileta watu kumtazama mpaka akachoka yeye mwenyewe. Sheria ni sheria, alisema, na yeye ndiye aliyewavisha wengine. Grisi ilikuwa imemshuka mpaka shingoni na kukaukia kwenye nywele.

Mbishi alisimama mlangoni kidogo. Halafu akapita moja kwa moja mpaka jikoni, jiko ambalo hakuwa ameingia tangu siku ya godoro, akabandika sufuria ya maji, akatafuta sabuni ya kipande mpaka akaipata. Jua lilipozama alikuwa ameshatoa kigoda uani.

"Njoo ukae hapa."

"Nitaosha mwenyewe, bibie. Umechoka."

"Grisi hii huiwezi peke yako. Kaa."

Mama Spana akakaa. Mbishi akamtoa raba, akaiweka chini, akamwagia maji ya uvuguvugu, akaanza kusugua. Povu lilitoka jeusi. Akamwaga, akasugua tena, polepole, nyuma ya masikio, kwenye kisogo, pale mtu mwenyewe hafiki vizuri.

"Ililia?" Mama Spana aliuliza, kichwa kimeinama.

"Haikulia."

"Hata kwenye mteremko?"

"Hata kwenye mteremko. Nilisikia ndege muda wote. Usifumbue macho, sabuni hii inawasha."

Mama Spana hakufumbua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na Mbishi hakuuliza kwa nini, aliendelea kusugua.

Mlango wa uani ukafunguka, baba akaingia kutoka kwenye saluni yake, mkasi bado mfukoni, na maneno ya siku nzima mdomoni tayari kumwagika. Akawaona. Akasimama. Akafungua mdomo, mtu yule ambaye hata usingizini huongea, kisha akaufunga. Akatazama sufuria, akaona maji yamekaribia kwisha, akachukua ndoo akaenda kuongeza mengine.